Huruma na Deni Lake

Huruma ni neno dogo lenye mzigo mkubwa. Tajiri hulitamka mbele ya maskini, mwenye nguvu mbele ya mnyonge, na kila alitamkaye huamini ya kuwa kwa kulitamka tu amekwisha tenda wema. Katika kurasa hizi napenda tulitazame neno hili, msomaji wangu kijana, si katika mambo ya watu na watu, ambayo hufundishwa kila juma makanisani, misikitini na madarasani, bali katika jambo la mtu na mnyama mkali. Nataka kuuliza swali moja tu: mtu akimwokoa mnyama ambaye hawezi kuishi naye, je, amelipa deni au amekopa?

Usidhani swali hili ni la mchezo, au la watu wa mbali. Sisi tunaokaa Nakuru na kandokando yake, kutoka Naivasha hata Njoro, tunaishi na wanyama wakali karibu kuliko tunavyopenda kukiri. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru ina simba na chui, na kati yao na mji hakuna mlima wala mto, pana ua wa nyaya za umeme tu. Nje ya ua huo chui hukaa katika misitu ya milimani, na usiku hushuka mashambani kutafuta mbwa na mbuzi. Kwa hiyo kijana wa huku aweza siku moja, akikata mabua ya mahindi, kukuta kitu chenye madoadoa kimejikunyata majanini, kidogo kama paka wa jikoni, chenye macho ya buluu na sauti nyembamba. Afanyeje?

Moyo utamwambia: mchukue, maana ni yatima. Hapo ndipo huruma inapokosea mara ya kwanza, kwa sababu imehukumu kabla ya kuuliza. Chui jike huwaficha watoto wake na kwenda kuwinda, na aweza kukawia siku nzima au zaidi. Mtoto anayelia majanini aghalabu hajafiwa na mama, anamngoja. Kijana akimbeba nyumbani kwa mapenzi, basi yeye mwenyewe ndiye aliyemfanya yatima, na huku anajisifu kuwa mwokozi wake. Jambo la haki ni kuondoka mahali pale upesi, bila kelele, na kuwapasha habari askari wa wanyamapori. Tena Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu yeyote katika Kenya kufuga mnyama wa mwitu bila kibali. Lakini sheria ni ukuta wa nje, na mimi nataka tuingie ndani ya nyumba.

Chukua kwamba mama amekufa kweli, na aliyemwua ni mtu. Jambo hili lilitokea katika nchi yetu, na habari zake zilienea duniani kote.

Tarehe 1 Februari 1956, Bwana George Adamson, aliyekuwa msimamizi wa wanyamapori katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, alikuwa porini akimfuatia simba aliyeua mtu. Simba jike alimrukia ghafula, naye akampiga risasi. Baada ya kumwua ndipo alipofahamu sababu ya ukali wake: ndani ya ufa wa mwamba palikuwa na shibli watatu, wote majike, wa siku chache tu. Bwana Adamson akawachukua mpaka nyumbani kwake Isiolo, na mkewe, Bibi Joy Adamson, akawalea kwa maziwa ya chupa. Walipokua, wawili wakubwa walipelekwa kwa ndege mpaka bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo akabaki. Huyo ndiye Elsa.

Wengi mmesikia yaliyofuata, kwa maana Bibi Joy aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1960, na mwaka 1966 kikatengenezwa kuwa filamu. Bibi na Bwana Adamson hawakutaka Elsa naye aishi nyuma ya vyuma. Wakamfundisha kuwinda, kazi ambayo simba jike wa mwitu humfundisha mwanawe kwa muda mrefu na kwa subira kubwa. Jaribio la kwanza la kumwachia halikufaulu. Akadhoofika na kuugua. Jaribio la pili, katika nchi ya Meru, likafaulu. Elsa akajipatia chakula chake, akapata mume wa mwitu, na mwezi wa Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Kisha, mwezi wa Januari 1961, akafa kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, hali umri wake ni miaka mitano tu. Kaburi lake liko Meru hata leo.

Mpaka hapa hadithi ni tamu, na vitabu vingi vya watoto hukomea hapa. Mimi nitakuomba tuendelee kidogo.

Watoto wa Elsa waliachwa wakiwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo. Kuwinda walikuwa hawajui vizuri, na hofu ya mtu hawakuwa nayo, kwa sababu mama yao hakuwa nayo. Wakaanza kuingia katika maboma ya wafugaji na kuua mbuzi. Wenye mbuzi walifanya kile ambacho baba yako na wangu wangefanya: walichukua pinde zao. Mmoja wa simba hao, Jespah, alitembea na ncha ya mshale mwilini mwake. Mwisho ikabidi wote watatu wanaswe, wapakiwe katika malori, na kuhamishwa mpaka Serengeti katika Tanganyika, mwaka huohuo wa 1961.

Sasa jiulize mbuzi wale walikuwa wa nani. Kwa mwenye mbuzi wanane, mbuzi mmoja si nyama tu. Ni karo, ni dawa ya mtoto mgonjwa, ni mahari inayokusanywa polepole. Mtu huyo hakumpiga risasi simba yeyote mwaka 1956. Hakulea shibli, hakuandika kitabu, wala hakulipwa na wenye filamu. Lakini sehemu ya gharama ya huruma ile alilipa yeye, usiku, bila kuulizwa. Hili ndilo jambo la kwanza linalonisumbua kuhusu huruma iliyo kubwa kuliko mfuko wa mwenye nayo: ile inayopungua hutozwa jirani.

Mwenye kumtoa simba hofu ya mtu amemtoa ngao yake. Sisi huona hofu ya mnyama kuwa kitu cha kusikitisha. Tunapenda ndege atue mkononi, na swala asikimbie. Lakini hofu ndiyo inayomweka simba mbali na mkuki, na mtu mbali na meno. Mtu akiiondoa, hata kwa maziwa na kwa mapenzi, amemchukulia mnyama mali asiyoweza kumrudishia, na kutoka siku ile mnyama yule anamdai.

Nije sasa karibu na nyumbani. Kwenye ukingo wa kusini wa Ziwa Naivasha, chini ya migunga mirefu ambamo mbega hurukaruka, ipo nyumba iitwayo Elsamere. Bibi Joy Adamson aliinunua katika miaka ya 1960, na leo ni makumbusho na kituo cha mafunzo ya uhifadhi. Wanafunzi huenda pale kwa mabasi, huona picha alizozichora Bibi huyo kwa mkono wake, maana alikuwa mchoraji hodari kabla ya kuwa mwandishi, kisha hukaa majanini na kutazama viboko. Ni mahali pazuri, nami nakushauri uende. Lakini ukiwa pale kumbuka simba mwingine, ambaye si Elsa.

Ili kutengeneza ile filamu walitakiwa simba wengi waliozoea watu. Wakakusanywa kutoka huku na huko. Wawili kati yao, dume aliyeitwa Boy na jike aliyeitwa Girl, walikuwa wakifugwa na kikosi cha askari wa Kiingereza kilichokuwa Kenya, kama alama ya kikosi. Filamu ilipokwisha, lilizuka swali ambalo ingefaa liulizwe kabla ya kuanza: wanyama hawa waende wapi? Wengi walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Ndiyo kusema filamu iliyosifu uhuru iliwaacha waigizaji wake kifungoni, na sijui kama wale waliolia kwa furaha ndani ya majumba ya sinema waliambiwa hivyo. Bwana George alifaulu kupewa watatu tu, akaenda nao Meru kuwafundisha mwitu.

Boy alikuwa mkubwa na mpole, kwa kadiri simba awezavyo kuwa mpole. Hata hivyo mwaka 1969 alimjeruhi mtoto mdogo wa msimamizi wa hifadhi ya Meru. Baadaye Boy mwenyewe alionekana amevunjika mfupa wa mguu wa mbele. Madaktari wa wanyama wakampasua na kumtilia chuma ndani ya mfupa, naye akaletwa Naivasha, Elsamere, kuuguzwa. Miezi mingi alikaa pale kando ya ziwa, mnyama wa kwetu katika nyumba ya kwetu, akilishwa kwa mkono na kufundishwa kutembea tena. Alipopona, mwaka 1970, akapelekwa Kora, nchi kavu iliyo kando ya mto Tana, ambako Bwana George alikuwa amepiga kambi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, mtumishi mmoja wa kambi alikuwa nje ya ua. Boy akamrukia. Bwana George alisikia kelele, akakimbia na bunduki yake, na akampiga risasi simba ambaye alikuwa amemwuguza kama mtoto wake. Yule mtu alikuwa ameumizwa vibaya, akafa papo hapo kambini.

Hadithi hii niliisoma kwa mara ya kwanza katika maktaba ya chuo cha ualimu nilipokuwa mwanafunzi, na miaka michache baadaye nikaisimulia darasani kama nilivyokusimulia wewe. Wanafunzi walikuwa kimya. Nikawauliza majina ya wanyama, ili nijue kama wamefuata, nao wakayataja yote: Elsa, Jespah, Boy, Girl. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hakusema neno, akainua mkono na kuniuliza, “Mwalimu, na yule mtu aliitwa nani?”

Sikujua. Nilikuwa nimesoma habari zile zaidi ya mara moja, na nilijua mpaka majina ya simba waliokaa kambini majuma machache tu, lakini jina la mtu aliyekufa lilikuwa limenipita kama jina la kituo cha gari usiposhuka. Niliona haya mbele ya watoto wale arobaini. Nikawaambia nitalitafuta, nikalitafuta, na juma lililofuata nikaliandika ubaoni: Stanley.

Sisemi ya kuwa Bwana George hakujali. Alijali sana, na nusura kifo kile kiikomeshe kazi yake. Nasema habari za masikio yetu sisi wasomaji, ambayo huruma imeyafundisha kusikia upande mmoja. Ndani ya kila nyumba ya kuokoa wanyama yupo mtu anayechukua ndoo ya nyama, anayefagia, anayefunga komeo, anayelala karibu na ua kwa mshahara wa mwezi. Mwenye huruma amechagua hatari yake mwenyewe. Mtumishi amechagua kazi, na hatari imekuja ndani ya kazi kama jiwe ndani ya mchele. Basi mtu akikuonyesha simba aliyemwokoa, mpongeze, kisha umwulize habari za komeo, na mshahara wa mfungaji.

Lakini nisije nikawa kama mwamuzi aliyesikiliza shahidi mmoja. Upo upande wa pili, nao una nguvu.

Kora ilikuwa nchi ambayo wachache waliijua, na leo ni hifadhi ya taifa. Meru nayo ilipata msaada wa fedha zilizotokana na vitabu vya Elsa. Huko London, mwaka 1969, vijana wawili walimnunua mtoto wa simba katika duka kubwa la Harrods, kana kwamba ananunuliwa mwavuli. Wakamwita Christian, wakamfuga katika nyumba ya chini ya duka la samani, na baada ya mwaka mmoja wakatambua kwamba London si mahali pa simba. Wakamleta Kora. Simba aliyezaliwa Uingereza, ambaye nyayo zake zilikuwa hazijakanyaga mchanga wa moto, akajifunza kuwinda kando ya Tana. Mwaka 1973 akaenda zake, asionekane tena. Kazi ya namna hii haina mwisho mwema kuliko huo, mwanafunzi kutoweka bila kuaga. Wala Bwana na Bibi Adamson hawakukaa mbali na hatari wakiwaachia wengine. Bibi Joy aliuawa Shaba mwezi wa Januari 1980. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba, lakini ikadhihirika kwamba aliyemwua ni mtu. Bwana George aliuawa na majambazi huko Kora mwezi wa Agosti 1989, alipokimbilia kuwasaidia wengine, hali ni mzee wa miaka zaidi ya themanini. Amezikwa Kora, karibu na kaburi la Boy.

Na tena, mambo ya leo si kama ya siku zile. Hesabu ya wanyamapori iliyofanywa Kenya mwaka 2021 ilikuta simba 2,589 na duma 1,160 katika nchi nzima. Shule za sekondari za mji mmoja zina watoto zaidi ya hao. Panapokuwa na wachache hivi, kila mmoja ana uzito.

Katika Marekani watu waliwanunua chui milia na simba kama mapambo ya nyumba, maana mtoto wa simba hugharimu fedha kidogo kuliko chakula chake. Mwezi wa Oktoba 2011, karibu na mji wa Zanesville katika jimbo la Ohio, mtu mmoja aliwafungulia wanyama wake wote kisha akajiua. Jua lilikuwa likizama, na polisi hawakuwa na njia nyingine. Wakawaua karibu wote, na miongoni mwao walikuwamo chui milia 18. Ilichukua miaka kumi na mmoja hata nchi ile ikapitisha sheria, mwezi wa Desemba 2022, ya kuwazuia watu binafsi kufuga paka wakubwa. Wale waliosalia mikononi mwa watu hawana mwitu wa kurudi; hawakuzaliwa mwituni, wala mwitu wao hauko katika Marekani. Kuna watu wanaowatunza katika viunga mpaka wafe kwa uzee. Kiunga cha haki hujulikana kwa mambo kinayoyakataa: hakizalishi, hakiuzi, wala hakimpi mgeni mtoto wa simba ampakate apigwe picha. Anayetoa watoto wa kupakatwa lazima kila baada ya miezi michache apate wengine wadogo. Ukimwona, jiulize wale wa mwaka jana wako wapi.

Karibu na sisi zaidi, watoto wa duma hunyakuliwa katika Pembe ya Afrika na kuvushwa kwa mashua za siri mpaka ng'ambo ya bahari, kuuzwa kwa matajiri wa Ghuba wanaopenda kuonekana na mnyama mwenye mbio. Falme za Kiarabu zilipitisha sheria dhidi ya kufuga wanyama wakali majumbani mwaka 2016, lakini biashara haikufa siku moja na wino wa sheria. Watoto wengi hufa njiani. Makumi ya wale waliokamatwa pamoja na wauzaji wao hutunzwa huko Somaliland katika kituo cha uokozi, na taabu yao ni ileile ya watoto wa Elsa. Duma hukaa na mama yake kama mwaka mmoja na nusu akijifunza kukimbiza na kuua. Aliyenyang'anywa mama akiwa wa majuma matatu hana shule nyingine ya kwenda.

Nafikiri sasa unaona mahali ninapokuelekeza. Ipo tofauti kati ya mnyama aliyefiwa na mama kwa kazi ya mwitu wenyewe na yule aliyefiwa kwa mkono wa mtu. Fisi akimwua duma jike, hakuna mtu anayedaiwa. Mwitu una hesabu zake, nao ulizifunga vizuri kabla hatujazaliwa. Mwenye huruma akiingilia hapo, aghalabu anatafuta furaha yake mwenyewe. Lakini risasi ni ya mtu, mtego ni wa mtu, duka la kuuza shibli ni la mtu, na filamu ni ya watu. Hapo kumtunza mnyama si sadaka, ni kulipa deni. Na deni halisifiwi likilipwa, hulaumiwa lisipolipwa. Bwana Adamson, kwa maoni yangu, alilifahamu jambo hili kuliko wote waliomsifu. Alikuwa ameua mama, akalea mtoto.

Hata hivyo deni lina mdaiwa wake, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Nitakupa hesabu ndogo. Simba mmoja hula, tukichukua wastani, kilo 6 za nyama kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 2,190. Mbuzi wetu wa kawaida akichinjwa hutoa nyama kama kilo 12. Fanya kugawanya: ni mbuzi 182 na nusu kwa mwaka, yaani mbuzi mmoja kila siku mbili, na simba aliyetunzwa vizuri aweza kuishi hata miaka 20. Nilipoifanya hesabu hii darasani, mvulana mmoja ambaye nyumbani kwao wana mbuzi sita alisema kwa sauti ndogo kwamba wa kwao wangemfaa simba mpaka Jumamosi ya pili. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa katika shule ile wapo watoto waliokuwa wakisoma mchana bila kula, na mtu akiniuliza kwa nini simba apate mbuzi na mtoto asipate sahani ya githeri, siwezi kumjibu kwa kejeli. Namjibu hivi: mbuzi wa simba asitoke katika sahani ya mtoto. Atoke katika mfuko wa aliyeuza, na wa aliyenunua, na wa aliyetengeneza filamu, na wa mtalii aliyepigwa picha. Kama hao hawakupatikana, basi mwokozi na ajipime nguvu kabla ya kumbeba mnyama, maana akimbeba na kushindwa, atakuwa amewaonea wawili.

Wako wasemao kwamba yaliyo bora ni kumwua mnyama wa namna hii kwa upole kuliko kumfungia maisha yake yote. Sipendi neno hilo, lakini sitaki kulikimbia. Yapo maisha ya kifungo ambayo ni mateso ya muda mrefu: sakafu ya saruji, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Anayemweka simba katika hali hiyo na kujiita mwokozi amechagua neno asilostahili. Yapo pia maisha ya uani yenye kivuli, nyasi, wenzake na amani, ambayo si uhuru, lakini si mateso. Nimewaona simba wa kituo cha wanyama yatima cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1964. Pengine wewe nawe umewaona katika safari ya shule. Nilisimama mbele ya mmoja kwa muda mrefu. Alikuwa amelala chali, miguu juu, kama paka wa nyumbani. Sikuweza kujua kama ameridhika au amekata tamaa, na niliporudi kwenye basi nilikuwa na mashaka kuliko nilipofika.

Katika darasa langu tulimaliza mjadala huo bila kukubaliana. Yule msichana aliyeniuliza jina la mtu alisema yeye angemwacha mtoto wa chui mahali pale alipo na kuwaita askari. Wengi walimwunga mkono, wengine kwa sababu walifikiri ndilo jibu ninalolitaka. Mvulana wa mbuzi sita alisimama akasema yeye angemchukua, liwe liwalo, maana hawezi kupita na kumwacha mtoto analia.

Nikamwuliza, “Utampa nini?”

“Maziwa, Mwalimu.”

“Na maziwa yakimshinda?”

Akafikiri. “Kuku.”

“Na kuku wakiisha?”

Akanyamaza. Wenzake walikuwa wakimtazama, na kengele ya saa sita na nusu ilikuwa imekwisha lia, lakini hakuna aliyeondoka. Mwisho akasema, “Mwalimu, nipe muda. Nitakujibu kesho.”

Kesho yake ilikuwa siku ya kufunga shule. Likizo ilipokwisha alirudi, akakaa mahali pake pa siku zote, na kabla sijafungua daftari ya mahudhurio akanyoosha mkono na kusema kwamba bado anafikiri.